Taa ikiwaka ndege ikiwa mbioni: nani anaamua kusimama?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mwezi uliopita mimi na mama tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Ndege ilikuwa imeshachanganya, migongo imegandamizwa kwenye viti, mara ikakata mwendo na kufunga breki hadi mikoba ikateleza mbele. Ikasimama palepale, na njia ilikuwa bado ndefu mbele yetu. Rubani akatangaza kwamba kuna taa ya tahadhari imewaka. Gari la zimamoto likaja likasimama pembeni, tukakaa, halafu tukarudishwa jengoni. Saa chache baadaye tukapandishwa ndege ileile, tukafika salama. Mama anasema tulipandishwa ndege mbovu, na kurudi Dar atapanda basi. Kaka yangu anasema rubani alikuwa mwoga. Taa moja tu, angeruka nayo ikatengenezwe Mwanza. Nani yuko sahihi? Na ingekuwaje kama ingewaka wakati ndege inaacha ardhi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na umpe mama pole. Breki za namna ile zinatisha hata kwa aliyezizoea, kwa sababu mwili unakuwa umeshajiandaa kupaa.

Kaka yako anadhani rubani aliona taa, akaingiwa na hofu, akafunga breki. Sivyo. Uamuzi wa kusimama kwa taa ya aina ile ulikuwa umeshakatwa kabla ndege haijaingia kwenye njia ya kurukia, pengine mlipokuwa mnaonyeshwa namna ya kufunga mkanda. Kabla ya kila safari marubani wawili huambizana kwa sauti: tukiwa chini ya mwendo fulani tutasimama kwa karibu jambo lolote lisilo la kawaida; tukiupita, tutasimama kwa mambo machache tu, na wanayataja moja moja; tukipita mwendo wa pili hatusimami tena, tunaondoka na tatizo letu tukalitatulie angani. Mbio za kupaa huchukua kama nusu dakika. Hakuna binadamu wa kutegemewa kufikiri vizuri jambo jipya ndani ya muda huo, huku mashine ya tani 60 au 70 inazidi kuongeza mwendo chini yake. Kwa hiyo kufikiri hufanywa mapema, na mle mbioni kinachobaki ni kutambua na kutenda.

Mwendo wa ndege hupimwa kwa noti, kama wa meli. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Kwenye Boeing mpaka wa kwanza ni noti 80, yaani kama kilomita 148 kwa saa. Kwenye Airbus ni noti 100, kama kilomita 185. Ndege inapofika hapo, rubani asiyeshika usukani huutaja mwendo kwa sauti na mwenzake lazima aitikie. Jambo hilo dogo lina kazi mbili. Kwanza linahakikisha kwamba vipimo vya mwendo vya pande zote mbili vinasema kitu kimoja. Pili, linahakikisha kwamba mwenzako yuko timamu, maana rubani anaweza kuzimia ameketi wima na macho wazi usijue. Asiyeitikia huchukuliwa kuwa amezidiwa, na mwingine anatwaa ndege.

Chini ya mpaka huo kusimama hakugharimu kitu kikubwa. Njia ni ndefu, breki hazijapata moto sana, na hakuna sababu ya kupeleka angani tatizo ambalo fundi anaweza kulishika kwa mkono wake ardhini. Kwa maelezo yako, ya taa ya tahadhari na njia iliyobaki ndefu, nina hakika karibu yote kwamba mlisimama ndani ya eneo hili. Rubani wenu alitekeleza alichoahidiana na mwenzake dakika chache nyuma. Uoga haukuhusika.

Sasa mpaka wa mwisho, unaoitwa V1. Kila safari ina V1 yake. Marubani huukokotoa kwa uzito wa ndege siku hiyo, joto, upepo, urefu wa njia, kama lami ni kavu au imelowa, na kimo cha uwanja kutoka usawa wa bahari. Dar es Salaam uwanja uko karibu na usawa wa bahari. Jomo Kenyatta, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu, na Bole kule Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Hewa ya huko juu ni nyepesi: injini zinatoa nguvu pungufu, na mabawa yanahitaji kukimbizwa zaidi juu ya ardhi ili yabebe mzigo uleule. Ndege ileile yenye watu walewale inakuwa na hesabu nyingine kabisa.

V1 inaeleweka vibaya hata na baadhi ya wanafunzi wa urubani. Wanadhani ni mwendo wa kufanya uamuzi. Ukisubiri ufike V1 ndipo uanze kuamua, umeshachelewa, kwa kuwa hesabu inataka tendo la kwanza la kusimamisha ndege liwe limeshaanza kufikia hapo. Ndege ya jeti katika hatua hiyo inaongeza noti kadhaa kwa kila sekunde. Sekunde mbili za kusitasita zinatosha kula akiba yote ya lami iliyobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani na watengenezaji wa ndege walichambua ajali za ndege zilizokatisha kupaa zikapitiliza mwisho wa njia. Katika zaidi ya nusu ya ajali hizo rubani alianza kusimama akiwa ameshapita V1. Uchambuzi huohuo ulikadiria kwamba kupaa hukatishwa mara moja katika kila safari 3,000 hivi, na kama robo tatu ya mara hizo ni chini ya noti 80. Nyinyi mlikuwa katika kundi hilo kubwa na salama.

Ndiyo maana upo utaratibu mmoja ambao mimi nauheshimu kuliko mingine yote ya chumba cha marubani. Tangu mbio zinapoanza, mkono wa kapteni hukaa juu ya vishikio vya kuongeza na kupunguza nguvu za injini, hata kama anayerusha ndege siku hiyo ni rubani msaidizi. Katika mashirika mengi yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kukatisha. Sauti inapotaja V1, anaondoa mkono, anauweka kwingine. Huo mkono hauruhusiwi kubaki pale, kwa sababu kishindo kikitokea sekunde moja baadaye, hofu itauvuta nyuma kabla akili haijasema lolote.

Kati ya mpaka wa kwanza na V1, orodha ya mambo ya kusimamia hupungua ghafla. Yanabaki moto, injini kufa, onyo la upepo mkali unaogeuka ghafla mbele ya ndege, na dalili yoyote kwamba ndege haitaweza kuruka kabisa. Mengine yote, kama feni ya mizigo, pampu moja kati ya kadhaa, au kipimo kimoja kilichozimika, yanapelekwa juu. Hapa ndipo kaka yako angekuwa na hoja. Kama taa yenu ingewaka kwenye noti 130, huenda mngeondoka nayo, na mngekuwa salama zaidi hivyo kuliko kufunga breki. Watengenezaji wanalijua hili kiasi kwamba ndege yenyewe huyaficha maonyo madogo katika kipindi hicho. Kwenye Airbus A320 maonyo mengi yasiyo ya dharura huzuiwa kuanzia noti 80 hadi ndege ifike futi 1,500 angani. Kompyuta inajua kuna kasoro, lakini inanyamaza hadi marubani wapate nafasi ya kuisikia.

Turudi kwenye breki, maana mama anataka kujua kwa nini zimamoto walikuja kama kweli hakukuwa na hatari.

Ndege inaposimamishwa kwa nguvu, mwendo wake wote hugeuka joto ndani ya breki. Joto hilo halipandi sawa na mwendo. Ukitoka noti 100 ukafika 140, linakuwa karibu maradufu. Magurudumu yana vizibo maalumu vinavyoyeyuka joto likizidi, upepo utoke polepole na tairi lisipasuke. Kwa hiyo baada ya kukatisha kupaa, marubani hukokotoa breki zinahitaji dakika ngapi za kupoa kabla ya kujaribu tena, na zimamoto husogea kutazama magurudumu kutoka nje, mahali ambapo rubani hawezi kuona. Aina mpya ya ndege haipewi cheti mpaka ifaulu jaribio kali la jambo hili: inajazwa uzito wake wa juu kabisa, inafungwa breki zilizokwisha kulika, inakimbizwa na kusimamishwa kwa nguvu zote, kisha inaachwa dakika tano bila zimamoto kuigusa, na moto wa breki usienee. Gari lile mliloliona ni sehemu ya kazi ya kawaida.

Na ile ndege "mbovu"? Kila kasoro huandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege. Fundi mwenye leseni anaifuatilia, anabadilisha kifaa au anathibitisha kwamba kasoro hiyo imo katika orodha iliyoidhinishwa ya vitu ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka bila hivyo, na kwa masharti gani. Anatia saini. Kapteni naye anasoma, na ana haki ya kukataa. Mkirudishwa kwenye ndege ileile baada ya saa chache, ina maana watu wawili wameweka majina yao chini ya kauli kwamba inafaa kuruka. Mimi ningepanda.

Yapo maonyo ya kundi jingine, ambayo hulia mara tu nguvu za injini zinapoongezwa, ndege ikiwa haijaanza hata kukimbia. Hayo yanasema ndege haijawekwa sawa kwa kupaa: vibawa vya kuongezea mbebo, yaani nguvu ya hewa inayoinua ndege, havijatolewa, au breki ya kuegeshea bado imefungwa. Onyo hilo halijadiliwi, unarudisha nguvu na kusimama. Mafunzo yake tumeyapata kwa vifo, na mojawapo ni la kwetu. Tarehe 20 Novemba 1974, asubuhi, Boeing 747 ya Lufthansa iliyokuwa inatoka Frankfurt kwenda Johannesburg iliondoka Nairobi huku vibawa vya ukingo wa mbele wa mabawa vikiwa vimefungwa. Vilitakiwa kusukumwa na hewa kutoka kwenye injini, na valvu za hewa hiyo hazikuwa zimefunguliwa. Ndege iliacha ardhi, ikatikisika, ikashindwa kupanda, ikaanguka kama kilomita moja kutoka mwisho wa njia. Kati ya watu 157 walikufa 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu. Wachunguzi walilaumu ukaguzi ambao haukukamilishwa inavyotakiwa, na wakalaumu pia kukosekana kwa onyo la kutosha la kuwaambia marubani hali ya vibawa vile. Boeing ikaongeza mfumo wa onyo.

Hata hivyo kuwa na king'ora ni nusu ya dawa. Detroit, 1987, ndege ya Northwest aina ya MD-82 ilijaribu kupaa vibawa vikiwa ndani, na king'ora chake hakikuwa na umeme. Watu 156 walikufa, na ndani ya ndege alipona mtoto mmoja wa miaka minne. Madrid, 2008, Spanair, ndege ya aina hiyohiyo, king'ora kimya tena, watu 154. Na Buenos Aires, 1999, ndege ya LAPA: pale king'ora kililia, marubani wakakisikia, wakaendelea na mbio. Walikufa watu 65. Nikimfundisha rubani kijana ni ajali hiyo ya mwisho ninayomrudishia tena na tena, kwa sababu kifaa kilifanya kazi yake yote.

Sasa nifike kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Onyo likija ndege inapoacha ardhi.

Kwa familia nyingi za Kenya jina Abidjan bado ni kidonda. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways, safari namba 431, iliondoka pale kwenda Lagos na kisha Nairobi. Ndani walikuwamo watu 179. Mwelekeo wa kupaa ulikuwa baharini, giza tupu mbele, hakuna taa wala upeo wa macho wa kushikilia. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa anarusha. Ndege ilipoinuka tu, onyo la kuishiwa mbebo likaanza, lile ambalo hutetemesha usukani mikononi na kutoa mlio, likisema mabawa yanakaribia kuacha kubebwa na hewa. Halikuwa kweli. Ndege ilikuwa inaruka vizuri.

Kitabu cha ndege kilikuwa wazi. Onyo hilo likija karibu na ardhi, mambo yanafanywa kwa pamoja: nguvu zote za injini, pua ishushwe kidogo, mabawa yanyooshwe, vibao vya kupunguza mwendo vihakikishwe vimefungwa. Tume ya uchunguzi ya Côte d'Ivoire ilikuta kwamba pua ilishushwa, lakini nguvu zote hazikuwekwa. Ndege ikaanza kushuka bila walioirusha kutambua, ingawa kipimo cha kimo kilikuwa kinazitaja futi zinavyopungua. Lipo onyo jingine ambalo lingepiga kelele kwamba ardhi inakuja. Halikusikika. Kwa kanuni za vipaumbele vya maonyo wakati ule, lilifunikwa na lile la mbebo na lile la mwendo kuzidi. Kapteni aliagiza ndege ipandishwe, lakini bahari ilikuwa imeshafika. Haikutimia hata dakika moja tangu kupaa. Walikufa watu 169, wakapona 10.

Nakuomba usiisome habari hii kama hukumu juu ya wale marubani. Jiweke pale: giza, usukani unatetemeka, mlio hauachi, na kila ulichofundishwa tangu siku ya kwanza shuleni kinakwambia shusha pua. Onyo lilikuwa la uongo, lakini hofu liliyoileta ilikuwa ya kweli. Kinachotakiwa pale ni kutazama vitu vitatu kabla ya kuuamini mlio: pua iko nyuzi ngapi, injini zina nguvu kiasi gani, mwendo ni upi. Vikiwa sawa, ndege inaruka, hata kama usukani unatetemeka. Na hatua zile zikichukuliwa, zichukuliwe zote. Nguvu zote za injini zingeisaidia ndege hata kama onyo lingekuwa la kweli.

Linganisha na jambo lililotokea New York, uwanja wa John F. Kennedy, tarehe 30 Julai 1992. Ndege ya TWA aina ya L-1011, watu 292. Onyo lilelile, tena la uongo, kutoka kwenye kihisio, kifaa cha kupimia, kilichokuwa na historia ya hitilafu, na wakati uleule wa kuacha ardhi. Rubani msaidizi alidhani mabawa yanaishiwa mbebo, akamkabidhi kapteni ndege ghafla. Kapteni aliona bado kuna lami mbele, akairudisha chini. Ndege nzito yenye mafuta mengi iligonga njia kwa nguvu, ikatoka nje ya njia hadi kwenye majani, ikateketea. Watu wote 292 walitoka hai, na wahudumu wa ndege ile wanastahili sifa hiyo. Lakini ndege ilikuwa na uwezo wote wa kuruka. Abidjan onyo liliwashusha marubani baharini, New York likawarudisha kwenye lami. Kote kuwili kulikuwa na ndege nzima, na pande zote sekunde za kuangalia vipimo zilimezwa na kelele.

Sitaki uondoke ukidhani kila kitu kiko mikononi mwa rubani. Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian iliyokuwa inakuja Nairobi kutoka Addis Ababa ilipata onyo hilohilo mara baada ya kupaa, kwa sababu kihisio kimoja cha upande wa kushoto kilitoa vipimo vya uongo. Chini ya kelele ile kulikuwa na programu iliyokisikiliza kihisio hichohicho kimoja na kusukuma pua ya ndege chini, tena na tena. Walikufa watu wote 157, Wakenya 32 wakiwa miongoni mwao, miezi michache tu baada ya ndege ya aina hiyo ya Lion Air kuanguka Indonesia kwa sababu ya namna hiyo. Ndege hizo zikasimamishwa dunia nzima. Kumjengea rubani mashine inayomdanganya na kupigana naye kwa wakati mmoja ni kosa la waliochora mashine, na ni haki kusema hivyo waziwazi.

Tukiacha maonyo ya uongo, chukua la kweli: kengele ya moto wa injini inalia, V1 imepita, magurudumu yanaacha lami. Utashangaa jinsi marubani wanavyofanya mambo machache. Anayerusha anainua pua kama kawaida, anakanyaga pedali kuzuia ndege isivutwe upande wa injini iliyo dhaifu. Mwenzake anazima kelele za kengele ili waweze kusikilizana, anataja kilichotokea kwa maneno mawili matatu. Magurudumu yanapandishwa. Kisha hawagusi kitu mpaka angalau futi 400, kama mita 120 hivi. Mgeni akikaa nyuma yao kwenye simyuleta, mashine ya kufanyia mazoezi ya urubani ardhini, anakosa subira: moto unawaka, mbona hawauzimi? Injini imejengwa na kuta za kuuzuia moto kwa muda, na ndege inaweza kupanda kwa injini moja. Hilo limo kwenye hesabu ya V1 tangu mwanzo. Kinachoua katika sekunde hizo mara nyingi ni mkono wenye haraka.

Taipei, tarehe 4 Februari 2015. Ndege ya TransAsia aina ya ATR 72, ndugu wa zile ambazo wasafiri wa Tanzania wanazijua vizuri, ilipata onyo la injini ya kulia muda mfupi baada ya kupaa. Rubani akaipunguza na hatimaye kuizima injini ya kushoto, ile nzima. Walikufa 43 kati ya 58. Kwa sababu ya makosa kama hayo utaratibu unataka mmoja aguse kishikio cha injini, akitaje, asubiri mwenzake athibitishe kwa sauti, ndipo akivute. Baada ya hapo mafuta yanakatwa, mpini wa moto unavutwa, chupa ya kwanza ya dawa ya kuzimia inafyatuliwa, na taa ya moto ikibaki kwa sekunde 30, ya pili. Kisha ndiyo orodha ya ukaguzi inafunguliwa na kusomwa neno kwa neno, kisha mnara wa waongoza ndege unaambiwa, na abiria wanatangaziwa mwishoni kabisa. Ukiona kimya kirefu kutoka mbele baada ya kishindo, hiyo ndiyo sababu.

Mwambie mama na jambo hili, kwa kuwa nina hakika alijiuliza kwa nini milango haikufunguliwa mlipokuwa mmesimama na gari la zimamoto liko nje. Chicago, mwaka 2016, Boeing 767 ya American Airlines ilipasuka injini ya kulia ikiwa mbioni, moto ukashika, kapteni akaisimamisha vizuri. Abiria wakaanza kutoka kabla injini ya kushoto haijazimwa. Aliyeumia vibaya kuliko wote aliangushwa na upepo wa injini hiyo nzima, upande ambao haukuwa na moto. Mtu akiwa kwenye kiti chake amefunga mkanda, ndege imesimama, hakuna moshi wala moto, hapo ndipo mahali salama kuliko pote mpaka sauti ya wahudumu iseme vingine. Ikisema tokeni, mnatoka mara moja na mikono mitupu, pochi na mkoba vibaki.

Akikubali kurudi nanyi kwa ndege, mkae pamoja, na kabla haijaondoka mhesabu safu za viti kutoka mlipo hadi mlango wa dharura wa mbele na wa nyuma. Manchester, mwaka 1985, Boeing 737 ilikatisha kupaa ikiwa na moto, na wengi kati ya 55 waliokufa walizidiwa na moshi wakiwa ndani ya ndege iliyokwisha kusimama. Tangu hapo vitambaa vya viti vinatengenezwa visishike moto upesi, na sakafuni kuna mstari wa taa unaoelekea milangoni. Hesabu ya safu ni kwa ajili ya pale ambapo moshi umeshuka hadi chini na taa zenyewe hazionekani. Mkono unapapasa migongo ya viti, mmoja, miwili, mitatu, hadi mlango.